Kura ya Askari Aliye Mbali na Kituo Chake

Katika masomo ya uraia yanayotolewa makambini kabla ya uchaguzi, swali moja hurudi kila mara, na waulizaji wake ni askari wa vyeo vya chini zaidi kuliko maofisa: "Afande, mimi nimeandikishwa kwetu, na siku hiyo nitakuwa lindoni huku. Kura yangu nitaipigaje?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu kamili kuliko lile tulilolizoea la kusubiri maagizo.

Hapa Arua lina uzito wa pekee. Kilima cha Arua, ambacho jina lake lilipewa mojawapo ya tarafa mbili za manispaa kabla Arua haijawa jiji mwezi Julai 2020, kimesimama katika pembe ya nchi. Upande wa magharibi mpaka wa Kongo hauko mbali. Upande wa kaskazini barabara yapita Koboko hadi Oraba, na mbele yake ni Sudan Kusini. Pembe ya namna hii hulindwa na watu waliotoka kila upande wa Uganda. Konstebo wa Koboko aweza kuwa mwenyeji wa Kabale au Soroti. Askari wa kambi ya Bondo aweza kuwa mtu wa Masaka. Na mwana wa Koboko aweza kuwa kazini Moroto. Siku ya kura jina la mtu liko mahali pamoja, na buti zake ziko mahali pengine.

Jibu fupi ni kwamba Uganda haina kura ya posta. Mtu hupiga kura katika kituo ambacho jina lake limo daftarini, na asipofika hapo, hakuna bahasha wala mjumbe wa kumpelekea. Hata hivyo sheria haikumsahau askari. Sheria ya Uchaguzi wa Rais na Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge, zote za mwaka 2005, zaipa Tume ya Uchaguzi uwezo wa kuweka utaratibu maalumu kwa ajili ya wagonjwa walioko hospitalini, wazee walio katika nyumba za kutunzwa, na watu walio katika maeneo yaliyozuiliwa, na hapo askari na watumishi wengine wa usalama wametajwa waziwazi. Maeneo hayo sharti yatangazwe katika Gazeti la Serikali. Kisha sheria zikaongeza neno moja zito: Tume isianzishe vituo vya kura vilivyo vya jeshi peke yake, au vya chombo kingine cha usalama peke yake.

Wako miongoni mwetu wanaoliona sharti hilo kuwa dalili ya kutoaminiwa. Mimi nalisoma kinyume chake. Nadhani hakuna maneno katika sheria hizo yanayomlinda koplo wa kawaida kuliko hayo, na ili kulieleza jambo hili, yafaa tuanze na nchi ambazo kura ya asiyekuwapo hupigwa na kuhesabiwa kila uchaguzi, tuone maofisa wao huifanyia nini karatasi hiyo tangu inapofika mpaka inapoingia katika hesabu.

BAHASHA NDANI YA BAHASHA

Kura inayotoka mbali ina matatizo mawili yanayovutana. La kwanza ni kujua kwamba aliyeipiga ndiye mwenyewe. La pili ni kutojua alimpigia nani. Kituoni mambo haya hutenganishwa na hatua chache tu za miguu: mwananchi huonyesha jina lake kwenye meza, huchukua karatasi, huenda pembeni, na karatasi inapoangukia sandukuni haina jina tena. Lakini karatasi iliyosafiri kwa posta hufika pamoja na jina lake. Kazi yote ya ofisa wa uchaguzi ni kulibandua jina hilo bila kuyaona yaliyomo.

Katika Uingereza hufanywa hivi. Mpigaji kura hupelekewa karatasi ya kura, bahasha ndogo, bahasha kubwa na hati ya tamko. Karatasi aliyokwisha kuitia alama huingia katika bahasha ndogo, naye huifunga. Katika hati ya tamko huandika tarehe yake ya kuzaliwa na kutia sahihi, kisha vyote viwili huingia katika bahasha kubwa. Vikifika ofisini, maofisa hukaa kikao cha kuzifungua, na mawakala wa vyama wana haki ya kuhudhuria. Bahasha kubwa hufunguliwa kwanza. Namba ya hati hulinganishwa na namba ya bahasha ndogo. Sahihi na tarehe ya kuzaliwa hulinganishwa na zile alizozitoa mtu huyo alipoomba kupiga kura kwa posta. Zisipolingana, kura huwekwa kando, haihesabiwi. Zikilingana, hati huondolewa mezani, na hapo ndipo bahasha ndogo hufunguliwa. Karatasi hutolewa uso wake ukitazama chini, namba iliyo mgongoni hukaguliwa, na moja kwa moja huingia katika sanduku la kura za posta.

Msomaji aangalie kwamba mpaka hapo hakuna hata kura moja iliyohesabiwa kwa mgombea yeyote. Sanduku hilo hufungwa kwa lakiri na kusubiri. Hesabu yenyewe huja baada ya vituo vyote kufungwa, na hata hapo sheria yakataza kura za posta kuhesabiwa peke yake: lazima zichanganywe na karatasi za angalau sanduku moja la vituo vya kawaida. Ofisa anayezipanga mafungu juu ya meza hawezi tena kusema hii ilitoka kambini na hii ilitoka sokoni.

Kuchanganya huko ndiko kiini cha jambo zima. Tuseme mahali fulani pana kituo cha askari 60 tu, na matokeo yake yamebandikwa ukutani: 52 kwa huyu, 8 kwa yule. Siri ya mtu mmoja mmoja huenda imehifadhiwa, lakini siri ya kikosi imekwisha. Mshindi atajua kikosi kile kilimpa nini, na aliyeshindwa atajua pia. Wale wanane nao watalala usiku ule wakijua kwamba wanatafutwa, hata kama hakuna anayewatafuta. Jeshi ambalo Katiba, katika kifungu cha 208, imelitaka lisiwe la upande wowote, litakuwa limepewa upande na hesabu ya karatasi 60.

ASKARI WA KAR HAWAKUWA NA BAHASHA

Si ajabu kwamba kura ya namna hii ilizaliwa na vita. Huko Marekani, katika uchaguzi wa Novemba 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, majimbo mengi ya Kaskazini yaliwaruhusu askari wao kupiga kura wakiwa uwanjani. Uingereza ilifuata mwaka 1918. Sheria ya Februari mwaka huo iliwapa kura hata vijana wa miaka 19 waliokuwa vitani, ilhali raia wa kiume alitakiwa awe ametimiza miaka 21. Uchaguzi ulifanywa tarehe 14 Desemba 1918, lakini masanduku hayakufunguliwa hadi tarehe 28, nchi nzima ikingoja kura za askari zivuke bahari kutoka Ufaransa na Ubelgiji. Mwaka 1945 wakangoja tena: kura tarehe 5 Julai, hesabu tarehe 26 Julai.

Mwaka huo wa 1945 watu wa West Nile walikuwamo katika majeshi ya King's African Rifles, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupigana Burma katika bonde la Kabaw. Maofisa wao Waingereza waliweza kupiga kura kutoka huko huko Asia. Askari Mwafrika hakuwa na bahasha, kwa sababu hakuwa na kura. Uganda haikuona uchaguzi wa moja kwa moja wa Baraza la Kutunga Sheria hadi mwaka 1958, na hata huo haukufanywa kila mahali. Kwa hiyo utaratibu tunaouzungumza hapa haukuachwa kwetu pamoja na gwaride, filimbi na daftari la zamu. Tuliachiwa sehemu ya utii, tukalazimika kuitafuta wenyewe sehemu ya uraia.

DESEMBA 1980

Kuna sababu nyingine iliyoifanya Uganda iogope karatasi inayosafiri, na sababu hiyo watu wa Arua na Koboko waijua kuliko wengi. Mwezi Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Idi Amin walivuka mpaka na kushambulia West Nile. Majeshi ya serikali ya wakati ule, UNLA, yalipoirudia ardhi hii, yalilipiza kisasi kwa raia. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 10 na 11 Desemba nchi ikapiga kura, na sehemu kubwa ya wakazi wa pembe hii walikuwa ng'ambo ya mpaka, wamelala chini ya miti. Hawakuwa wapigaji kura waliosafiri. Ulikuwa mkoa uliohama. Wagombea 17 wa chama cha UPC walitangazwa kupita bila kupingwa, wakiwamo wa sehemu za West Nile.

Kisha ikaja habari ya hesabu. Tarehe 11 Desemba Paulo Muwanga, Mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, alitoa tangazo lililowakataza wasimamizi wa uchaguzi kutangaza matokeo. Matokeo yote yapelekwe kwake, naye ndiye atakayeamua na kuyatangaza. Aliyetunga tangazo lile alijua kwamba kura haiibiwi kwa urahisi pale inapohesabiwa mbele ya macho ya watu. Huibiwa njiani, kati ya meza ya kuhesabia na kinywa cha mtangazaji.

Taratibu zinazotumika tangu zamani zile kukoma zaonekana kama zimeandikwa na mtu aliyelikumbuka tangazo hilo. Kura hufungwa saa kumi jioni, na waliokwisha kuwa kwenye mstari huruhusiwa kumaliza. Hapo hapo kituoni, mara nyingi chini ya mwembe au uani mwa shule, msimamizi hulifungua sanduku, humwaga karatasi mbele ya mawakala na wananchi, huikunjua moja baada ya nyingine na kuisoma kwa sauti. Fomu ya matokeo, ambayo wengi huiita fomu ya DR, hutiwa sahihi, na nakala zake hutawanywa: moja huonyeshwa kituoni kwa umma, moja hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa wilaya, moja hutiwa lakiri ndani ya sanduku lenyewe, na kila wakala hupata yake. Ndipo masanduku na fomu husafiri. Kinachosafiri basi ni hesabu iliyokwisha kujulikana na watu wengi, na anayetaka kuibadili njiani sharti azibadili nakala zote pamoja na kumbukumbu za watu.

Hapa nitie neno dogo kwa faida ya wenzangu. Askari huzoezwa kutia namba yake juu ya kila karatasi inayopita mkononi mwake. Karatasi ya kura haitaki namba. Alama iliyoruhusiwa ni ya vema au dole gumba katika nafasi ya mgombea. Maandishi mengine yoyote, hata yawe ya uaminifu namna gani, huiharibu kura. Na kwa wale ambao siku hiyo hawako zamu: sheria yakataza mtu kukikaribia kituo akiwa na silaha ya hatari ndani ya kilomita moja, isipokuwa yule aliyeitwa na mamlaka halali au ambaye kazi yake yampa haki hiyo. Anayekwenda kupiga kura yake aiache bunduki ghalani.

Nguvu ya utaratibu huo ilionekana hapa hapa Arua mwezi Agosti 2018, katika uchaguzi mdogo wa manispaa. Siku mbili kabla ya kura ghasia zilizuka mjini na mtu akauawa kwa risasi. Tarehe 15 Agosti mmojawapo wa wagombea, Kassiano Wadri, alikuwa kizuizini Gulu. Hakuweza kusimama karibu na sanduku lolote. Karatasi zikafunguliwa vituoni kama kawaida, zikasomwa, fomu zikatiwa sahihi, na usiku akatangazwa mshindi kwa kura 6,421.

MASANDUKU YALALE WAPI?

Utaratibu wa kuhesabu pale pale una bei yake, na bei hiyo hulipwa na asiyeweza kufika. Majeshi ya Uganda yalikwenda Somalia mwezi Machi 2007. Chaguzi za 2011, 2016 na 2021 zilipita na askari waliokuwa Mogadishu hawakupiga kura, kwani sheria haikuwawekea kituo. Waliopelekwa mashariki ya Kongo tangu Novemba 2021 katika Operesheni Shujaa waliingia katika hali hiyo hiyo. Mwezi Juni 2020 Mahakama Kuu ya Kampala iliamua kwamba Waganda walioko nje na wafungwa waliotimiza miaka 18 wana haki ya kupiga kura. Husemwa kwamba jina la Arua lenyewe latokana na neno la Kilugbara lenye maana ya gereza, na huenda kwa sababu hiyo hukumu ile ilizungumzwa sana huku. Hata hivyo uchaguzi wa Januari 2021 ulifanywa bila vituo magerezani wala ng'ambo.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya iliwafungulia raia wake vituo katika nchi za Afrika Mashariki mwaka 2013, Kampala ikiwamo. Kufikia mwaka 2022 nchi hizo zilikuwa 12, zenye wapigaji kura 10,443 walioandikishwa. Hupiga kura ya rais tu, katika ofisi za ubalozi, nazo huhesabiwa huko huko na matokeo kutumwa Nairobi. Hapana bahasha, kituo ndicho kilichosafiri.

Zanzibar ilichagua njia inayotuhusu sisi moja kwa moja. Sheria yake ya Uchaguzi ya mwaka 2018 ilileta kura ya mapema kwa watumishi wa Tume na askari watakaokuwa kazini siku ya uchaguzi. Ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wananchi wengine, na ikarudiwa tarehe 28 Oktoba 2025. Nia yake ni njema: polisi anayelinda foleni ya wenzake asikose foleni yake mwenyewe. Lakini mwaka 2020 upinzani, ukiongozwa na Maalim Seif Sharif Hamad, uliikataa kabisa, ukiamini kwamba siku ya ziada ni mlango wa kura za ziada. Naye aliwataka wafuasi wake wajitokeze siku hiyo hiyo. Siku zile hazikuwa za amani. Mabishano yote, ukiyachuja, yanaishia katika swali moja la kilinzi ambalo kila sajini wa zamu angeliuliza: sanduku lililojaa leo, likahesabiwa kesho, usiku litalala wapi, na nani atalilinda? Kama mlinzi ni mmojawapo wa wale waliolijaza, hakuna lakiri itakayomtuliza raia mwenye shaka.

Ghana imeizoea njia hiyo kwa muda mrefu zaidi. Huko askari na polisi wa zamu hupiga kura maalumu siku kadhaa mapema; katika uchaguzi wa 2024 ilikuwa tarehe 2 Desemba, na wananchi wote tarehe 7. Masanduku hufungwa kwa lakiri na kuwekwa mpaka siku ya uchaguzi mkuu, ndipo huhesabiwa, ili matokeo ya askari yasitangulie na kuwashawishi wengine.

Nikiulizwa maoni yangu, nasema bahasha ya posta haitufai. Jamaa zetu wengi hawana anwani ya nyumba inayoweza kupelekewa barua, na karatasi itakayopita mikono kumi kati ya Koboko na Kampala itakuwa na mashaka kumi. Kituo katika kambi ya Mogadishu nacho chaweza kujengwa kwa siku moja, lakini hesabu yake itakuwa hesabu ya jeshi, itasomwa redioni kama hesabu ya jeshi, na wale wanane wetu watarudi. Kura ya mapema yaweza kufikiriwa iwapo mambo mawili yatatimizwa pamoja: mawakala wa wagombea wote wakeshe na sanduku, na karatasi zake zimwagwe katika meza moja na za raia kabla ya kukunjuliwa. Hapo askari atakuwa amepiga kura, na hakuna atakayejua askari wamempigia nani.

Maadamu sheria haijafika huko, kazi iliyobaki ni ya askari mwenyewe, nayo ni ya mapema. Sheria ya Tume ya Uchaguzi yamruhusu mwananchi kuandikishwa katika parishi anakoishi au alikotokea. Mwenyeji wa Kabale anayetumikia Koboko aweza basi kuomba jina lake lihamishiwe kituo kilicho karibu na lindo lake, apange mstari pamoja na wauza muhogo na waalimu. Daftari huonyeshwa kwa umma kwa siku zisizopungua 21 ili makosa yasahihishwe, na hapo kila mtu alitazame jina lake kwa macho yake mwenyewe, asitume mwenzake. Wengi hukwama kwa kudhani kwamba ishara ya redio inayomhamisha kikosi humhamisha na daftarini. Jina huhamishwa na Tume tu, kwa maombi ya mwenyewe, katika muda uliotangazwa wa kusahihisha daftari. Na anayepewa uhamisho baada ya muda huo kufungwa, jina lake litabaki Koboko naye yuko Moroto.